Mahali Jicho Langu Lilipoanzia

Feza mwanangu,

Habari za afya tuziache, umeniona asubuhi nikisugua sufuria na kugombana na jogoo wa jirani, kwa hiyo unajua niko mzima. Nakuandikia ukiwa umekwenda Lubuye kumuaga shangazi yako kabla ya treni ya kesho. Namjua, hatakuachia mpaka umalize ugali wote na usikilize habari za magoti yake. Basi nina nafasi. Nimekaa jikoni, nimefunga mlango wa nyuma, na kila anapopita mtu mwenye kiatu kizito kalamu inasimama yenyewe. Huyu wa sasa hivi alikuwa muuza makala na gunia lake la mkaa.

Ya sabuni, ya kuvaa sweta treni ikifika upande wa Kamina, ya kutonunua vyakula vya dirishani, hayo nimeyasema mpaka wewe mwenyewe unayamalizia kabla sijafungua mdomo. Siyaandiki. Ninaandika juu ya picha moja iliyo ndani ya valizi yako ya safari, chini ya blauzi ya kijani. Ndiyo, nimefungua valizi yako. Utanikasirikia baadaye, sasa soma.

Ninaogopa, Feza. Sikukuambia kwa mdomo kwa sababu kuta zetu ni nyembamba na wageni wa kukuaga hawaishi, na tena kwa sababu mdomo wangu ukishikwa na woga unasema uongo. Uliusikia ukisema uongo mbele yako, ila hukujua. Njo maana nimeshika kalamu.

Wewe umekua ndani ya kikundi chetu cha picha cha Jumapili, unaona kama kilikuwepo tangu zamani, kama ziwa. Lakini mimi naikumbuka siku niliyoingia, ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Padri mmoja aliyerudi kwao alikuwa ameniachia kamera hii unayokwenda nayo kesho, na mimi nikajiona tayari fundi mkubwa. Papa Kyungu, huyu huyu mshonaji wetu, akaniita kwenye baraza yake baada ya misa. Nikapeleka picha ya wanafunzi wangu wa darasa la nne. Wakaniambia desturi yao: mwenye picha njo anamwaga chai vikombeni mwa wenzake. Picha inawekwa mezani, mwenyewe anashika birika, na birika likiwa mkononi haruhusiwi kusema neno, wala kueleza, wala kujitetea. Wenzake, mmoja mmoja, wanasema kwanza mahali jicho lao lilipoanzia. Halafu likaenda wapi. Halafu likachoka wapi. Neno "nzuri" lilikuwa limekatazwa kabisa, na "mbaya" pia.

Nikamwaga chai. Papa Kyungu akaitazama picha yangu, akanywa, akasema, "Mama Feza, weye unapiga watu sawa vile unawahesabu mu klasi."

Wakacheka wote, na mimi birika mkononi! Nusu ya chai ilikwenda kwenye sahani ya Mama Safi mkunga, naye akashukuru kwa heshima zote, jambo lililoniudhi zaidi. Siku ile sikupika. Baba yako alipouliza chakula nikamwambia akaulize kwa fundi cherehani.

Nilimtukana yule mzee moyoni wiki nzima. Halafu jioni moja nikazitandaza picha zangu zote kitandani, za harusi, za ubatizo, za jamaa wa Moba, na lo! Wote wamesimama wima, mikono chini, wananitazama kama wanaongoja bendera ipande. Hata mbuzi wa jirani amesimama hivyo. Hata mbuzi, Feza! Nikacheka peke yangu mpaka ukaamka. Jumapili iliyofuata nikarudi. Sikumwambia Papa Kyungu kwamba alisema kweli, nilimpelekea tu maandazi, naye hakuuliza ya nini.

Hilo la kupokea maneno ya mezani nililijua mapema. La kutoa lilinichelewa. Nilipoona ninaheshimiwa pale mezani, nikaanza kupenda sauti yangu. Umemjua Papa Mulongo akiwa mtu wa maneno machache, lakini zamani alikuwa akiimba anapofungua bahasha ya picha zake. Siku moja alileta ya mke wake, ameipiga kule Mpala, nje ya misioni. Mama wa watu amewekwa pembeni kabisa, bega limekatwa, na katikati ukuta mtupu. Jicho langu lilianzia kwenye ukuta na nikasema hivyo, hapo sikukosea. Lakini sikuishia hapo. Nikasema mpiga picha gani anaoa ukuta na kumwacha mke pembeni. Watu wakacheka. Yeye akaendelea kumwaga chai, kikombe hadi kikombe, na alipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa hawezi kusimama. Ule ukuta njo ulikuwa unamushika."

Hakurudi kwa miezi. Mke alikwisha kuzikwa aliporudi. Akakaa, akaniambia mbele ya wote, "Mama Feza, sema yote unataka, lakini uniulize kwanza nilikuwa natafuta nini." Tangu siku hiyo ninauliza, umenisikia mwenyewe. Utakutana na watu huko Lubumbashi wenye ulimi kama wangu wa zamani, tena wengi. Wengine watakuwa wanasema kweli, na utalazimika kuchukua ile kweli na kuacha kicheko chao hapo hapo mezani. Si kazi rahisi. Mimi bado inanishinda siku nyingine.

Sasa nimefika mahali ninapopaogopa. Nimeinuka nikachungulia dirishani, hakuna mtu.

Jumapili ile ulipoweka mezani picha yako ya ufukweni, zamu ya kuanza ilikuwa yangu. Wewe ulishika birika. Picha nzima naikumbuka: anga kubwa juu ya ziwa, mitumbwi imevutwa mchangani, wanawake wa ndakala na vikapu vyao vya samaki wadogo. Na chini, upande wa kushoto, mdogo kama ukucha, askari. Mkono wake uko ndani ya kikapu, mwenye kikapu ameshikilia ukingo kwa vidole, na yule askari anacheka. Jicho langu lilianzia hapo hapo, Feza. Halikwenda kwenye anga wala kwenye mitumbwi. Lilianguka kwenye kile kicheko na likakataa kutoka.

Na hapo kushoto kwangu alikuwa ameketi Bwana Ilunga. Unajua ameanza kuja mwaka huu, ana kamera mpya, anasalimia vizuri, anafanya kazi kwenye biro fulani, ofisi ambayo sisi wote tunasema tunaijua na hakuna anayeijua. Labda ni mtu mwema tu anayependa picha. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini umesikia mwenyewe habari za mtu aliyechukuliwa kwa sababu ya maneno ya kwenye pombe, na hapa palikuwa na karatasi ya picha, na nyuma yake jina la mwanangu.

Nikasema, "Jicho langu limeanzia kwenye kikapu."

Nilisikia sauti yangu, ilikuwa sauti ya darasani. Nikaendelea, nikasema kikapu kimezidiwa na anga, mpiga picha angesogea karibu. Papa Kyungu akanitazama kidogo, akasema ndiyo, kikapu. Mama Safi akasema anga limekuwa pana mno. Papa Mulongo akakohoa. Bwana Ilunga akasema, "Kikapu, ndiyo," lakini alikuwa hatazami picha, alikuwa ananitazama mimi. Hakuna hata mmoja aliyemtaja askari. Watu wazima, wenye miaka ya kufundishana kuona, tukazungumzia mawingu.

Wewe ukamwaga chai mpaka mwisho bila kumwaga hata tone nje. Njiani ukaniambia, "Mama, leo hamukuona kitu." Nikakwambia funga mdomo, tuko barabarani. Hilo ndilo jibu nililokupa.

Nilifikiri mambo yameisha. Nilifikiri utaitupa, utaisahau, utapiga nyingine. Sikukumbuka kwamba nimekulea mimi mwenyewe uheshimu neno la mezani hata likikuuma. Alhamisi ninatoka shuleni, nikakuta picha inakauka kwenye kamba ya jikoni, kati ya soksi za baba yako. Umeikuza. Umekata anga lote, kama tulivyosema. Umesogea kwenye kikapu, kama tulivyosema. Na kando ya kikapu, sasa uko mkubwa kama kiganja changu, uso wa yule askari. Meno yake. Kovu la kidevuni. Mama yake angemtambua, na wakubwa wake pia.

Nawe ukasimama hapo, mikono ina harufu ya dawa ya kusafishia picha, umefurahi. Ukaniambia, "Nilikusikia, Mama. Nimekata anga."

Nikasema nzuri. Neno ambalo sijalitamka mbele ya picha tangu ukiwa mgongoni, nikalisema mara mbili. Nikaingia chumbani nikaketi juu ya kitanda.

Ona basi nilichofanya. Nilidanganya ili nikulinde, na uongo ule ukamchukua askari mdogo kama ukucha ukampa uso. Kama ningesema kweli pale, au hata kama ningenyamaza pale na kukuambia nyumbani, picha ile ingebaki ilivyokuwa. Kila usiku tangu hapo naihesabu hiyo hesabu na inatoka vile vile.

Halafu juzi, ninatoka shuleni, nikasikia mtu ananiita nyuma. Bwana Ilunga. Akanisalimia, akauliza habari za baba yako, habari za safari yako. Nikasema anakwenda kusoma, Mungu akipenda. Akatembea na mimi mpaka kwenye kona ya duka la mikate, akasema taratibu, kama mtu anayesema habari za mvua, "Mama Feza, mutoto aache ile picha hapa. Kule stesheni ya Kabalo askari banafungula valizi zote."

Nikamwuliza picha gani. Akasema, "Ile ya kikapu," akatabasamu, akaenda.

Nimeigeuza sentensi ile kila upande. Labda alikuwa ananionya kwa wema. Labda alikuwa ananipima aone nitasemaje, au tayari ameshawaambia huko Kabalo wakutafute, na anataka aweze kusema baadaye kwamba alituonya. Sijui, na nadhani sitajua. Baba yako nimemwambia nusu tu, ile nusu isiyo na Ilunga.

Ninajua kwa nini unataka kwenda nayo. Yule mwalimu wa atelye ya picha huko Lubumbashi amesema anataka kuona kazi zako kabla ya kukupokea, na katika hizo zote unazobeba, nyingine ni za mtoto anayejifunza vizuri. Hiyo ni ya mtu anayeona. Kama nikikwambia iache bila kukwambia hivyo, nitakuwa nimekudanganya mara ya pili, na utaondoka hapa ukifikiri mama yako aliiona ni picha ya kikapu.

Kwa hiyo ngoja nikwambie sasa yale niliyopaswa kukwambia Jumapili ile. Hutamwaga chai, mimi nitasema tu.

Sikukuuliza ulikuwa unatafuta nini. Nakuuliza leo, utanijibu ukitaka. Jicho langu lilianzia kwenye kicheko, nimeshakwambia. Likashuka kwenye mkono ndani ya kikapu. Likapanda kwenye vidole vya yule mama, ambavyo havivuti, vinashikilia tu. Halafu, na hapa nataka unisikilize kama mtu wa kikundi na si kama mama, katika ile picha ya kwanza likapanda tena likafika juu, chini kidogo ya mstari wa anga. Pale kuna wanawake watatu wamegeuka, wanatazama ziwa. Hakuna kitu kwenye ziwa, nimetafuta kwa lenzi ya bibi yako. Hakuna mtumbwi unaokuja. Wanatazama maji ili wasione nyuma yao. Mmoja anajipangusa jicho ambalo halina kitu. Hao ndio picha, Feza. Bila wao ni askari mwizi, na wezi tumewaona. Pamoja nao ni sisi wote wa hapa, na mimi nipo ndani, nimegeuka, ninasifu kikapu. Ulipokata anga uliwakata wao pia. Ile ya kwanza ndiyo yenye nguvu, na hii ya pili imepungua, na wa kulaumiwa kwa kupungua kwake ni mimi niliyekushauri.

Unaona, nimesema.

Saa za mchana, ulipotoka tu, nilifanya kitu kingine. Nilichukua ile iliyokatwa nikaipeleka juu ya moto wa mbabula. Nilitaka ukifika Lubumbashi usiikute, ufikiri umeisahau. Kona imebabuka kidogo, utaona. Halafu nikasikia sauti yangu ikisema "kikapu," kabisa, masikioni, nikaitoa nikaipulizia kama uji wa mtoto. Kwa nini nikuchomee kitu bila kukwambia sababu? Ndivyo wanavyotufanyia wao.

Picha zote mbili ziko chini ya barua hii, juu ya valizi. Ile iliyokatwa nakuomba, nimepiga magoti hapa jikoni ninapoandika neno hili, isipande treni. Negatifu, ile filamu yake, itabaki na Mama Safi, ndani ya vitambaa vyake vya ukunga. Amekubali, na hakuuliza ni nini, akasema tu kwamba Jumapili ile hakulala.

Ile ya kwanza, yenye anga, amua wewe. Ukisema ibaki, itabaki, na mwalimu wako ataona nyingine, na sitakudharau hata kidogo. Utakuwa umeogopa kama mtu mwenye akili. Ukisema iende, itakwenda, lakini haitakwenda ndani ya valizi yako. Nimekata tiketi ya Kabalo leo, mpaka pale unapobadilisha treni. Baba yako anafikiri nakusindikiza kwa sababu nimezidiwa na machozi, na nimemwacha afikiri hivyo. Itakuwa tumboni mwangu, kati ya kitenge na kitenge, imefungwa na kanga ya kunyonyeshea niliyokufungia wewe, na kikapu cha ndakala kitakuwa magotini. Wanafunzi wanavuliwa mpaka viatu. Mama mnene anayenuka samaki wanampita haraka. Nimewatazama wakifanya hivyo mara nyingi kwenye stesheni za njiani nikienda kwa wajomba zako Nyunzu.

Hatutakaa pamoja. Wewe utakaa mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana. Nitatetemeka, najijua, lakini watafikiri ni malaria. Wakishapita, na treni yako ya Lubumbashi ikiwa imesimama tayari, nitakuja kukuuzia ndakala dirishani, na picha itakuwa chini ya samaki, kwenye karatasi. Usinishukuru, usinikumbatie, nunua tu, ubishane bei kidogo kama wengine.

Ukimaliza kusoma, tia barua hii kwenye mbabula kabla hujatoka nje. Halafu njoo barazani, niko pale na baba yako, uniambie "ndiyo" au "hapana" na usiseme neno jingine. Nitaelewa. Kwa vyovyote utakavyosema, kesho nitapanda.

Na jambo la mwisho, hili halina majadiliano, hili ni la mama. Wakinikamata pale Kabalo, wakinishusha chini na kikapu changu, utasikia sauti yangu, maana sitaweza kunyamaza, nina mdomo mkubwa, unanijua. Nitalia. Pengine nitaita jina la Mungu, pengine nitaita la baba yako. Lako sitaliita, nimejifunza mchana wote kutoliita. Kwa hiyo ukisikia mwanamke analia pale chini, Feza, usishuke.

Mama yako